Kati ya vyombo na dola: Octavia Butler aliishi vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vifaa vya simu hapa Morogoro. Usiku nikishafunga hesabu huwa naandika hadithi za sayari na viumbe wa ajabu, kwa Kiswahili. Kila nikikaribia kukata tamaa kuna mtu ananitumia habari za Octavia Butler: mtoto wa mfanyakazi wa ndani, akaosha vyombo, akapewa karibu dola laki tatu, akawa bingwa wa riwaya za sayansi. Naomba unieleze bila kunipamba. Kati ya vyombo na dola alikuwa anaishi vipi? Ni kweli alitabiri haya tunayoyaona? Na nianze na kitabu gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Habari unazotumiwa si za uongo, ila zimeruka miaka 24. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1971, na hizo karibu dola laki tatu, fedha za Wakfu wa MacArthur wa Marekani, zilitangazwa 1995. Karibu kila kinachotufanya tumsome leo kiko humo katikati, kwa hiyo nitakaa humo zaidi, na utoto wake nitaupitia mbio mbio.

Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947. Baba yake, aliyekuwa anang'arisha viatu, alifariki Octavia angali mdogo, naye akalelewa na mama na bibi katika nyumba ya Kibaptisti yenye masharti. Alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya nyingi, na disleksia ilimsumbua katika kusoma. Mama alifanya kazi za ndani kwa Wazungu. Kuna siku alimchukua binti yake kazini, na binti akamwona mama akiingia kwa mlango wa nyuma, akasikia anavyosemwa mbele ya uso wake kana kwamba hayupo. Mama hakujibu. Aliendelea na kazi. Jioni alirudi nyumbani na vitabu vilivyotupwa na matajiri wake, akampa mtoto. Huo mlango wa nyuma uweke akilini, nitaurudia.

Akiwa na miaka kumi aliomba anunuliwe taipureta, na mama akanunua ingawa watu walimshangaa. Shangazi yake mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimwambia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Miaka miwili baadaye akaangalia kwenye televisheni filamu hafifu ya 1954, Devil Girl from Mars, akajisemea kwamba hata yeye anaweza kuandika kitu bora kuliko hicho. Halafu likamjia wazo la pili, ambalo ndilo lililomfanya aanze: kuna mtu amelipwa kuandika hadithi mbovu namna ile.

Tunafika kwenye vyombo. Alisoma kwenye chuo cha mji wao, Pasadena City College, akamaliza 1968, na hapo chuoni ndipo alipopata fedha zake za kwanza za uandishi, dola 15, kwa kushinda shindano la hadithi fupi. Baadaye akahudhuria mafunzo ya bure yaliyoendeshwa na chama cha waandishi wa filamu huko Los Angeles, akakutana na Harlan Ellison, mwandishi mwenye mdomo mkali na jicho la kutambua kipaji. Ellison akamsukuma aende Clarion, warsha ya waandishi wa hadithi za sayansi huko Pennsylvania, mwaka 1970. Warsha ilichukua wiki sita, na mmoja wa walimu alikuwa Samuel R. Delany, mtu mweusi aliyekuwa tayari na jina katika fani ile ile. Kabla mambo hayajapoa Butler akawa ameuza hadithi mbili. Mtu angesema mlango umefunguka.

Kwa miaka mitano iliyofuata hakuuza chochote. Hadithi moja kati ya zile mbili, "Crossover", ilitoka 1971 katika mkusanyiko wa kazi za Clarion. Ya pili, "Childfinder", Ellison aliinunua kwa ajili ya kitabu ambacho alikuwa anakiandaa, na hakukitoa maisha yake yote. "Childfinder" ilikuja kusomwa na watu mwaka 2014, na mwandishi wake alikuwa kaburini kwa miaka minane. Nakueleza haya kwa sababu huku kwetu mtu akikubaliwa kazi moja na mchapishaji huanza kuagiza suti.

Miaka hiyo ndiyo aliyoosha vyombo. Alifanya kazi ghalani na viwandani, akauza vitu kwa kupiga simu, akakagua viazi vya kukaanga kiwandani, vile vya kwenye pakiti, akiondoa vilivyoungua. Mama yake angependa awe karani, kazi ya heshima yenye mshahara wa uhakika. Binti hakuitaka. Kazi za ofisini zilimdai atabasamu na aonekane anaipenda kazi, wakati ghalani hakuna aliyejali amenuna au amefurahi, ilimradi mzigo umefika. Aliuza mikono, kichwa akabaki nacho. Akawa anaamka saa nane za usiku, anaandika mpaka muda wa kwenda kibaruani. Mtu akikuambia Butler aliandika "licha ya" vibarua, mwambie asome riwaya yake ya Kindred. Dana, mhusika mkuu, anapata kazi kupitia wakala wa vibarua ambaye yeye na wenzake wanamwita soko la watumwa. Wanajazana asubuhi wakisubiri kuitwa, pamoja na walevi na akina mama wa watoto wengi, na siku usipoitwa unarudi ulivyokuja. Hayo hakuyatafuta maktaba.

Mwishoni mwa 1974 aliachishwa kazi. Hapo akaamua kuandika riwaya, na riwaya ilimtisha. Alishazoea hadithi za kurasa ishirini hivi, kwa hiyo akajipa hila: kila sura aiandike kama hadithi ya kurasa ishirini, akimaliza moja aanze nyingine. Hila hiyo ichukue, ni ya bure. Ikatoka Patternmaster, iliyochapishwa na Doubleday mwaka 1976, na baada ya hapo kitabu kila mwaka: Mind of My Mind 1977, Survivor 1978, Kindred 1979, Wild Seed 1980.

Kwenye Kindred nitasimama kidogo. Dana ni mwanamke mweusi anayeishi karibu na Los Angeles. Siku anayotimiza miaka 26, mwezi Juni 1976, anasikia kizunguzungu, na akifungua macho yuko kando ya mto huko Maryland mwanzoni mwa karne ya 19, na mtoto wa Kizungu anazama. Anamwokoa. Mtoto yule, Rufus, ni mwana wa bwana mwenye watumwa, na Dana anakuja kugundua kwamba ni babu yake wa zamani. Kila maisha ya Rufus yakiwa hatarini Dana anavutwa tena huko. Akimwacha afe kabla hajamzaa mtoto fulani, ukoo wa Dana hautakuwepo. Na mtoto huyo atazaliwa na mwanamke ambaye hamtaki Rufus. Sasa Dana afanye nini?

Wazo lilimjia chuoni. Kijana mmoja mweusi, mwanafunzi mwenzake, alisema kwa hasira kwamba angependa kuwaua wazee wote waliowarudisha watu weusi nyuma kwa unyenyekevu wao, ila itabidi aanze na wazazi wake mwenyewe. Kijana huyo aliijua historia ya watu weusi vizuri kuliko Butler. Kitu ambacho hakuwa nacho ni hisia ya jinsi mtu anavyoishi ndani yake siku kwa siku. Butler alikumbuka mlango wa nyuma. Mama yake alinyamaza, na kwa kunyamaza huko mtoto alikula, akavaa, akapata taipureta. Kitabu kizima ni jibu kwa kijana yule: haya, mchukue mtu wa leo mwenye msimamo na suruali yake ya jinzi, mpeleke huko, tuone atakaa wima kwa siku ngapi.

Kwanza alijaribu kumpeleka mwanamume. Hakufika mbali. Mwanamume mweusi wa 1976, kwa namna tu anavyotembea na kumwangalia mtu usoni, angeuawa kabla hadithi haijaanza. Mwanamke wangemdharau kwanza, na dharau hiyo ingempa muda wa kujifunza. Uamuzi wa nani awe mhusika mkuu ulitokana na swali la nani anaweza kubaki hai hadi ukurasa wa mwisho, na waandishi wangapi wa riwaya za sayansi hujiuliza hilo?

Kwa fedha za Survivor alipanda basi hadi Maryland kufanya utafiti. Hakuwa na gari, hakuendesha maisha yake yote. Kule hakukuwa na shamba la watumwa lililohifadhiwa kwa ajili ya wageni kutazama, kwa hiyo akaenda Mount Vernon, Virginia, kwa George Washington. Waongozaji walikuwa wanataja "watumishi". Alizunguka na watalii wengine, akitazama majengo yalivyopangwa, jikoni liko umbali gani kutoka nyumba kubwa, huku akiyajaza mwenyewe yale ambayo hayasemwi. Mwishoni mwa Kindred Dana anarudi nyumbani bila mkono wa kushoto. Butler alieleza kwamba hakutaka arudi mzima, kwa sababu utumwa haukumwacha mtu mzima.

Wachapishaji kadhaa waliikataa. Haikuwa riwaya ya sayansi kamili, maana Dana hasafiri kwa mashine yoyote, wala haikuwa riwaya ya historia. Doubleday waliichapisha, lakini kilichoifanya iishi ni toleo la Beacon Press la 1988, lililoingia vyuoni na kufundishwa mwaka hadi mwaka. Kitabu kinachomlisha mwandishi mara nyingi ni hicho kinachouzwa polepole bila kukoma.

Sasa nirudi kwenye ule mlango, maana ukiukosa huo utamsoma Butler kama msimulizi wa vituko vya angani tu. Chukua kazi zake kubwa uziweke mezani. Katika Wild Seed, inayoanza 1690 huko Afrika Magharibi, Anyanwu ni mwanamke wa Kiigbo mwenye miaka mia tatu hivi, anajiponya na kujigeuza apendavyo. Anakutana na Doro, roho ya maelfu ya miaka inayoishi kwa kuvaa miili ya watu na kuwaua, na inayofuga watu wenye vipaji kama mtu afugavyo ng'ombe. Katika Dawn ya 1987, Lilith anaamka ndani ya chombo cha viumbe wanaoitwa Waoankali. Wameokoa masalia ya binadamu baada ya vita vya nyuklia, na bei yao ni kwamba watoto wote watakaozaliwa watachanganywa jeni zao. Katika Kindred kuna Rufus. Kila mara kuna mwenye nguvu asiyeweza kushindwa, na mwenye nguvu huyo si katili wa moja kwa moja. Anapenda, kwa namna yake. Anamhitaji yule mdogo. Na mdogo anajadiliana naye, neno kwa neno, kuhusu watoto, kuhusu mwili wake, kuhusu kubaki au kuondoka. Riwaya nyingi za sayansi za wakati wake zingempa mdogo silaha apige. Butler alimpa akili ya kupatana bei, na akatuonyesha kila anachokilipa.

Mfano wa karibu kabisa ni hadithi yake fupi "Bloodchild" ya 1984. Binadamu wamekimbilia sayari ya viumbe wakubwa wenye miguu mingi, Watlic, ambao mayai yao hukua ndani ya mwili wa mnyama mwingine. Wanyama wa huko hawafai sana. Binadamu wanafaa. Kwa hiyo kila familia inatoa mtoto mmoja, mara nyingi wa kiume, abebe mayai. Kijana Gan amekulia mikononi mwa T'Gatoi, ambaye ni kiongozi na karibu mzazi wake. Usiku mmoja analazimika kusaidia wakati mwanamume anapasuliwa kutolewa funza waliokomaa, na baada ya kuona hayo anakaa jikoni na bunduki ya marufuku ambayo familia yake imeificha. Hamlengi T'Gatoi. Mdomo wa bunduki ameuelekeza shingoni mwake mwenyewe. Wanazungumza. Mwisho anakubali kubeba mayai, ila bunduki ibaki ndani ya nyumba: kama sisi kwenu si mifugo, basi kubalini na hatari ya kuishi nasi. T'Gatoi anasita, halafu anaiachia. Soma hapo mara mbili. Mkataba mzima kati ya wanyonge na wenye nguvu umo katika kuachia bunduki moja.

Wengi waliisoma kama hadithi ya utumwa. Mwenyewe alikataa. Alisema ni hadithi ya mapenzi, ni hadithi ya mwanamume kubeba mimba, na ni hadithi ya kulipa kodi ya pango: ukiishi kwenye sayari ya watu utalipa kitu. Chanzo chake kilikuwa woga wa kawaida kabisa. Alikuwa anajiandaa kwenda Amazoni ya Peru kufanya utafiti wa Dawn na vitabu vilivyoifuata, akasoma habari za nzi ambaye funza wake hukua chini ya ngozi ya mtu, akashindwa kulala. Jambo likimtisha hivyo aliliandikia hadithi.

"Speech Sounds" ya 1983 nayo ilitoka ndani ya basi. Kila wiki alikuwa anapanda basi kwenda kumwona rafiki yake aliyekuwa anakufa kwa saratani, na siku moja abiria wakapigana ngumi mpaka damu kwa jambo lisilo na maana. Akajiuliza kama binadamu tutakuja kujifunza njia nyingine ya kuelewana. Hadithi inaanza na ugomvi ndani ya basi, katika Los Angeles ambamo ugonjwa umewanyang'anya watu kusema au kusoma. Ikamletea Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, mwaka 1984. Mwaka uliofuata "Bloodchild" ikachukua Hugo nyingine, na juu yake Nebula, tuzo nyingine kubwa ya fani hiyo. Wewe umekaa dukani kutwa nzima mbele ya wateja wa Morogoro, na unaniuliza utapata wapi visa?

Basi alikuwa anakula nini? Baada ya vitabu vya mwanzo aliweza kuishi kwa kalamu, kwa kubana. Malipo ya awali ya kitabu, mrabaha, mihadhara, vyote vidogo vidogo. Tuzo za Hugo hazina fedha, zina kombe. Na soko lilimchezea. Toleo la kwanza la Dawn lilitoka na picha ya mwanamke wa Kizungu kwenye jalada, wakati Lilith ni mweusi na kitabu kinasema hivyo wazi. Mwaka baada ya hapo, 1988, aliandika nyuma ya daftari maneno ya kujihimiza ambayo leo yanasambaa sana. Kwa ufupi: nitakuwa mwandishi anayeuza sana, vitabu vyangu vitaingia kwenye orodha za magazeti makubwa, wachapishaji wavitangaze wasivitangaze. Nitanunua nyumba nzuri katika mtaa mzuri. Nitamtafutia mama yangu matibabu bora. Nitakodi gari nikilihitaji. Nitawapeleka vijana weusi maskini Clarion. Mwisho akajiamuru: na iwe hivyo, hakikisha. Alikuwa na miaka arobaini na moja hivi, ana Hugo mbili na Nebula, na bado anaota kukodi gari.

Mimi naona watu huyasoma maneno yale kama dua. Kwenye madaftari yake, ambayo sasa yako maktaba ya Huntington kule San Marino, ndani ya maelfu ya karatasi zake, maneno ya namna hiyo yanakaa jirani na ratiba, bajeti na idadi ya kurasa alizopaswa kuandika. Katika insha yake kwa waandishi wachanga aliwaambia wasahau msukumo wa moyo, waamini mazoea, kwa sababu mazoea yatakuwepo hata siku moyo haupo.

Fedha za MacArthur zilikuja 1995. Zilikuwa dola 295,000, zilizotolewa kwa awamu kwa miaka mitano, na alikuwa mwandishi wa kwanza wa riwaya za sayansi kuzipata. Alinunua nyumba aliyoishi na mama yake. Mama akafariki mwaka uliofuata, 1996. Nyumba nzuri ilipatikana, na mama akaikaa kwa muda mfupi mno. Miaka mitatu baadaye Octavia akahamia karibu na Seattle.

Kuhusu utabiri. Parable of the Sower ilitoka 1993 na inaanza mwaka 2024. Kusini mwa California kumekauka, mioto inawaka, maji yanauzwa ghali, wenye nafuu kidogo wamejizungushia kuta, na binti wa miaka 15, Lauren, anaanzisha dini inayofundisha kwamba Mungu ni Mabadiliko. Katika Parable of the Talents ya 1998 anatokea mgombea urais mhubiri anayeahidi kuirudishia Marekani ukuu wake. Watu waliposoma hayo baada ya Trump kushinda urais 2016 kwa kaulimbiu ya namna hiyo, waliruka. Lakini kaulimbiu karibu ile ile Ronald Reagan aliitumia kwenye kampeni ya 1980, na Butler alikuwepo, alisikia. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza kama anaamini hayo yatatokea, alimjibu kwamba matatizo hayo hakuyatunga yeye. Aliyatazama yale tunayoyapuuza sasa, akayapa miaka thelathini hivi yakue. Alikata magazeti akayapanga kwenye mafaili. Alisikiliza redio. Ukiitazama Moro leo, misitu ya milima ya Uluguru na maji yanayotoka huko kwenda Dar es Salaam, ukaipa miaka thelathini, hutahitaji kuwa mtume.

Kuna upande ambao habari unazotumiwa hazitaji kabisa. Baada ya Talents, ambayo ilishinda Nebula, alitaka kuandika ya tatu, Parable of the Trickster, ya wafuasi wa Lauren wakiwa kwenye sayari nyingine. Akaanza, akaacha. Akaanza tena kwa jina lingine la mhusika, kwa balaa lingine, kwa sayari ya rangi nyingine. Kurasa hizo za kuanza na kuacha ziko Huntington, nyingi, na hakuna iliyofika mbali. Dawa za shinikizo la damu zilimchosha na kumlaza. Alipochoka na maangamizi akaandika riwaya ya wanyonya damu, Fledgling, iliyotoka 2005, ili ajifurahishe. Fedha zilikuwepo, tuzo zilikuwepo, kitabu alichokitaka kikakataa. Tarehe 24 Februari 2006 alianguka nje ya nyumba yake akafariki. Alikuwa na miaka 58.

Zile ahadi za daftarini ziliendelea kutimia bila yeye. Mfuko wa ufadhili wa jina lake huwapeleka Clarion waandishi wasio Wazungu. Parable of the Sower iliingia kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana mwaka 2020, miaka 27 baada ya kutoka. Machi 2021 NASA walipaita kwa jina lake mahali lilipotua gari lao la utafiti, Perseverance, kwenye sayari ya Mirihi. Na Wild Seed ilipotangazwa 2019 kwamba inatengenezwa kuwa tamthilia ya televisheni, kazi ya kuiandika walipewa mwandishi wa asili ya Nigeria, Nnedi Okorafor, na Mkenya Wanuri Kahiu, yule wa filamu fupi ya Pumzi.

Nikija kwako. Kuandika haya kwa Kiswahili si uchuro wala si jambo jipya: Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka ule ule wa 1995, mtu anarushwa angani kama adhabu na kutua kwenye jamii nyingine kabisa, na Kyallo Wamitila akafuata na Bina-Adamu! Watafute uone walivyoitengenezea lugha yetu anga. Ukiwa na mswada kamili, fuatilia matangazo ya Tuzo ya Safal-Cornell na ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na usitume sura tatu na ahadi. Duka usilifunge. Ila kama unaandika baada ya hesabu, ukiwa umeshachoka na wateja na chenji, jaribu kuugeuza usiku: lala mapema, andika kabla ya kufungua. Butler hakuamka saa nane kwa sababu ni saa ya wateule. Hapo ndipo kichwa kilikuwa bado chake.

Vitabu: anza na Bloodchild and Other Stories. Ni kijitabu chembamba, hadithi zote mbili nilizokusimulia zimo, insha mbili za uandishi zimo, na baada ya kila hadithi ameeleza mwenyewe ilikotoka. Kisha Kindred, kisha Wild Seed. Parable of the Sower iache mpaka uwe na moyo mkavu kidogo, na usianze na Fledgling. Survivor usihangaike nayo. Mwenyewe aliichukia, akakataa isichapishwe tena wakati wa uhai wake, na nakala chakavu zinazozunguka zinauzwa kwa bei ambayo ungenunulia simu nzuri dukani kwako.